Miiba na Nane Bora

Ngombezi, Korogwe
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Mbaruku,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ni mkubwa wako na naitikia mapema ili tusipoteze muda. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje, bado linalia kama bawaba kavu ukiinuka kwenye rakaa? Maryamu mkeo hajambo? Na binti yako Shamsia je, ameshapatikana mwanamume wa kuuvumilia ule mdomo, au bado yuko hapo Kang'ata anawafukuza wachumba kwa maswali? Mvua huku imenyesha kidogo, ya kulainisha vumbi tu. Mimi ni mzima, isipokuwa meno, ambayo sasa nayaita kwa majina maana yamebaki machache na tumezoeana.

Nikupe kwanza habari kubwa. Kaka yako sasa ni mtu wa kutajwa katika mpira wa kikapu wa mkoa huu. Mechi yetu ya mwisho hapa Korogwe vijana walinibeba juu juu, miguu haigusi chini, uwanja mzima unapiga makofi, wanawake wa sokoni wanapiga vigelegele, na mimi fimbo iko hewani kama bendera. Wananiita mshauri wa ufundi.

Sasa ngoja nipumue, maana nakuona unavyonitazama hata kwenye barua. Kubebwa nilibebwa. Miguu haikugusa chini. Makofi na vigelegele vilikuwepo. Ila nilikuwa natolewa nje. Nilikuwa nimemwambia refa kwamba ile filimbi angemwachia mkewe, angalau yule anajua wakati wa kumnyamazisha mtu. Wakanishika wawili makwapani, mmoja huku, mmoja huku, na aliyeshika kwapa la kulia ni mwanao Sufiani. Wakaniweka nje ya uzio kama gunia la pumba, na watu wakafurahi sana. Hilo la mshauri wa ufundi nilijiita mwenyewe, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaisikilizia kwa spika, umeishika mbali kama mtu aliyeshika nyoka, na kila anayekwenda kisimani anasimama kusikiliza na kuchangia. Hii ya leo isome peke yako. Ukishindwa na mwandiko, vumilia. Mimi niliishia darasa la nne na wewe la saba, lakini mwalimu wetu alikuwa yule yule, na alikuwa mlevi yule yule.

Uliniagiza jambo moja. Ulisema umempa Sufiani msimu huu mmoja tu: timu yake ikiingia nane bora, kule kwenye hatua ya mtoano, utamwacha aendelee kufundisha vijana mpira, isipoingia, anarudi Kang'ata kushika shamba la mahindi na kumwoa yule binti wa Sindeni uliyemchagulia, ambaye hajawahi hata kumwona miguu. Ukanitaka mimi, kwa kuwa anaishi kwangu, nikutazamie kwa macho yangu halafu nikwambie bila kuficha: timu hii inaweza kweli kuingia, au ni watoto wanaorukaruka? Na ukaongeza, tena ulicheka, kwamba wewe kila alfajiri unaomba wafungwe. Nilikujibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, asisumbuliwe na vikapu. Lakini nilikubali kutazama.

Basi nikatazama msimu mzima. Timu inaitwa Miiba, kwa ajili ya mkonge, na mazoezi yake yanafanyika hapa kwenye kambi ya shamba la mkonge, kwenye sakafu ya ghala la zamani lililoezuliwa paa. Magoli walichomelea wenyewe kwa nondo, na mbao za nyuma yake ni milango miwili ya ghala lile lile, mmoja bado una komeo. Mpira ukigonga komeo unaruka upande ambao hata Mungu hakuutarajia. Wageni wanalalamika. Wenyeji wameshajua, na wanaligonga kwa makusudi. Sufiani asubuhi anapima singa za mkonge kiwandani, jioni anawakimbiza vijana kwenye sakafu ile mpaka mtu asione mpira, na mimi nakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa nawatukana. Hiyo ndiyo kazi yangu, na siifanyi kwa uvivu.

Kwa mfano huyo mpeleka mipira wao, Yordani, ni mfupi mpaka akisimama karibu na ndoo yangu nilikuwa namwuliza kama amekuja kuteka maji. Awadhi wa Makuyuni anatupa mpira kama mtu anayefukuza ngedere kwenye mahindi: kwa hasira, bila kulenga, halafu unaingia, na yeye mwenyewe anashangaa kuliko sote. Nikamwambia siku atakayolenga ndiyo siku atakayokosa. Wengine sikutajii, ni miguu tu na njaa. Mechi ya kwanza walifungwa vibaya sana hata nikampigia makofi aliyekuwa anabadilisha namba kwenye ubao, kwa jinsi alivyotoka jasho. Mwanao aliporudi nyumbani jioni ile hakula. Nikala mimi fungu lake, na nikamwambia binti wa Sindeni anapika vizuri zaidi.

Halafu akaja Lenku.

Huyu ni kijana wa Kimasai kutoka kwenye nyika ya Handeni, anauza maziwa hapa kambini. Alikuwa anapita na baiskeli na madumu yake, mpira ukatoroka sakafuni ukamfuata. Akaudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia, akautazama kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha badala ya kuurudisha kwa kurusha, akatembea nao, akanyoosha mkono, akauweka kikapuni. Hakuruka. Aliuweka tu, Mbaruku, kama mtu anayeweka kofia juu ya kabati. Sufiani alisahau kufunga mdomo. Mimi nilisema huyo mtu akilala miguu inabaki wilaya nyingine.

Alifundishwa kama mtoto anavyofundishwa kusali, hatua kwa hatua, na alikuwa na adabu hata inachosha. Akimwangusha mtu anamwinua. Akifanya faulo anamwomba radhi refa. Jioni akishauza maziwa alikuwa anapita kwangu, ananibakizia kibaba, tunakula ugali na mlenda pamoja na Sufiani, na mimi namdhihaki kwa jinsi mlenda unavyomshinda, anauvuta unakuwa uzi mpaka kifuani. Anacheka mwenyewe. Kijana wa namna hiyo ukimdhihaki hupati hata raha, kwa sababu hajui kukasirika.

Na Miiba wakaanza kushinda. Sikukwambia kwenye simu, nilikwambia wanajitahidi jitahidi. Uongo. Walikuwa wanashinda. Walimfunga huyu, wakamfunga yule, wakaja wale wa mjini wenye raba zinazowaka taa nyuma, nao wakafungwa kwenye komeo letu. Watu wa kambini walioacha kutoka nje jioni wakaanza kutoka. Mabinti wakaanza kusuka nywele siku za mechi. Sufiani alinenepa bila kula. Ilibaki mechi moja ya mwisho, ya ugenini, na Chui wa Handeni. Tukishinda tunaingia nane bora, tukifungwa wanaingia wao. Hakuna hesabu nyingine, wala huhitaji darasa la saba kuielewa.

Jumamosi tukaenda Handeni kwa Noah ya kukodi, nami nikiwa nimekunjwa nyuma na mipira. Sufiani alinisamehe yale ya refa kwa sharti kwamba nikae kimya. Nikakaa kimya. Nataka ujue kwamba nilikaa kimya mechi nzima, na utaona mbele kwa nini haikuwa kazi ngumu.

Mpaka mapumziko Miiba walikuwa wanaongoza kwa pointi kumi na moja. Lenku alikuwa anaokota mipira hewani kama anachuma mapapai. Watu wa Handeni waliokuja na ngoma wakaiweka chini ngoma. Yordani alipita katikati ya miguu ya watu, Awadhi alitupa bila kulenga, yote ikaingia. Mwanao alikuwa amesimama pembeni na mikono kiunoni, na nikuambie ukweli, alifanana na wewe siku ile ulipovuna magunia yale mengi ya mahindi ukataka kila mtu aje kuyaona. Alinigeukia mara moja akatabasamu. Mimi nikajifanya nafunga kiatu.

Robo ya tatu ikaanza, na kocha wa Chui, mwalimu mmoja anaitwa Sabiri, akamwingiza mtu mpya. Uwanja ulicheka. Alikuwa mzee kidogo, mnene, jezi imekwama juu ya kitovu, mnunuzi wa ng'ombe wa mnadani anayeitwa Taiyo. Inasemekana alicheza zamani alipokuwa kijana, na jina lake limo kwenye timu kwa heshima tu, maana ndiye anayewanunulia maji. Naye ni Mmasai. Hakukimbia popote. Alitembea mpaka chini ya kikapu, akasimama, akashusha pumzi.

Wakampa mpira. Lenku alikuwa nyuma yake, amemzidi urefu wa kichwa na shingo. Akampisha.

Nasema akampisha, Mbaruku. Alirudi hatua moja, akainamisha kichwa kidogo, na yule mnene akageuka polepole akatia mpira kikapuni bila mtu kumgusa. Vijana wetu wakadhani Lenku ameteleza. Wakampa tena Taiyo, Lenku akampisha tena. Na tena. Ngoma ya Handeni ikaamka. Sufiani akaomba muda, akamshika Lenku mabega, akamwuliza ana nini, anaumwa? Lenku akasema hawezi. Hawezi nini? Hawezi kumsukuma yule. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba yule ni rika la baba yake.

Wewe umeishi na Wamasai jirani yako maisha yote, unajua, lakini mwanao hakuwahi kulizingatia. Kwao wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja ni rika moja, na mtu wa rika la baba yako ni baba yako, uwe unamjua au humjui. Ukikutana naye unainama, anakugusa utosini kwa kiganja, ndipo unasema shida yako. Huli mbele yake ovyo, husemi mbele yake ovyo. Sasa umwambie kijana aliyelelewa hivyo ampige kiwiko cha mbavu babaye kwa ajili ya mpira! Sufiani akamwambia, na sauti ilipaa watu wote wakasikia, kwamba yule siyo baba yake, ni Chui, ni mtu mwenye jezi ya njano. Lenku akajibu kwamba jezi ataivua jioni.

Hapo mwanao akasema neno baya. Sitaliandika. Lilihusu ng'ombe na mama wa Lenku. Lenku alimtazama tu kama alivyoutazama ule mpira siku ya kwanza, ila safari hii ndama amezaliwa mfu.

Sufiani akamtoa, akamweka Yordani amkabe Taiyo. Ilikuwa kama kumweka kuku amkabe kiboko. Yule mnene alipogeuka tu, Yordani alikwenda kukaa na watazamaji, na mama mmoja akampa karanga. Sufiani akamrudisha Lenku. Upande wa mbele Lenku alikuwa bado anatufungia, kwa sababu Taiyo hakuwa na mapafu ya kurudi kukaba. Tukawa tunafunga, tunafungwa, tunafunga, tunafungwa. Zile kumi na moja zikayeyuka moja moja kama barafu ya shule.

Zimebaki sekunde chache tumezidiwa pointi moja. Pointi moja. Awadhi akampasia Lenku mpira chini ya goli lao. Safari hii Taiyo alikuwa ameshajikokota kurudi huko kukaba, akachoka mno kuvuka uwanja tena, amesimama pale pale anahema, na mbele ya Lenku hakuna mwingine. Mtu yule yule aliyeuweka mpira kikapuni kama kofia juu ya kabati. Angenyoosha mkono tu juu ya kichwa cha Taiyo, basi. Lakini kunyoosha mkono juu ya kichwa cha babako nako ni kumruka. Nikamwona anainama. Nadhani hakufikiri, mwili wenyewe uliinama. Na yule Taiyo, kwa mazoea ya miaka yote ya mnadani, akainua kiganja akamgusa utosini.

Ndiyo, katikati ya mechi. Kama wamekutana njiani. Mpira ukamtoka Lenku mikononi ukaviringika, kijana mmoja wa njano akaudaka, na muda ukaisha. Handeni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Refa alisimama na filimbi mdomoni, hajui hilo ni kosa gani. Nami nilicheka, nisikufiche. Lilinitoka. Hata kwenye msiba mtu akiteleza kwenye tope unacheka kwanza.

Taiyo mwenyewe hakucheka. Alimgeukia yule Sabiri akamwuliza mbele ya watu kama ndiyo kazi aliyoitiwa, kisha akavua jezi akaitupa kwenye ndoo ya maji, akaondoka kifua wazi na kitambi chake kuelekea mnadani. Huyo hakuambiwa. Alidhani wamemwingiza kwa ajili ya ufundi.

Lenku aliikunja jezi yake vizuri, akampa Sufiani kwa mikono miwili. Sufiani hakuipokea, ikaanguka. Kijana akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kwao nyikani, maziwa watatafuta mtu mwingine. Kisha akaja nilipokaa. Akainama mbele yangu niagane naye. Mimi siyo Mmasai, sina rika lolote, na nusu ya kambi haiwezi kuniinamia hata nikiwa maiti. Akainama na kusubiri. Nikamgusa utosini. Ningefanyaje? Jasho lake lilikuwa bado la moto.

Noah ikakaribia Makuyuni. Ndipo Sufiani akauliza, bila kugeuka, ni nani aliyewaambia Handeni. Kwa sababu Sabiri hakumwingiza mtu mwenye kitambi kwa bahati. Kuna mtu alijua na akasema. Vijana wakatazamana. Kisha wote wakamtazama Awadhi, kwa kuwa ana shangazi Handeni na katikati ya wiki alilala huko. Awadhi akaapa. Akaapa kwa Mungu, kwa shangazi, kwa macho yake. Akasema yeye hakujua hata Lenku ana rika, alidhani ana ng'ombe tu. Akaanza kulia, mwanamume mzima mwenye ndevu tatu. Sufiani akamwambia dereva asimamishe. Akamwambia Awadhi amefika kwao, ashuke, na asikanyage tena sakafu ile. Yordani akatupa mkoba wake dirishani ukamfuata barabarani. Mimi nilikuwa nyuma na mipira. Nikaihesabu mipira.

Sasa hapa, Mbaruku, soma polepole.

Awadhi hakusema. Nilisema mimi.

Unakumbuka nilikwenda Handeni wiki ile ile ya mechi kuhani msiba wa shemeji. Nilipotoka msibani nikapita kwenye benchi la kahawa karibu na mnada. Walikuwa wanazungumza mechi. Hawanijui. Nikasema mimi ndiye mshauri wa ufundi wa Miiba. Wakacheka, mmoja akauliza kama timu yetu inashauriwa na makaburi siku hizi. Ile ya kubebwa makwapani mbele za watu ilikuwa bado inaniuma, unajua tena. Halafu yule Sabiri, ambaye nilikuwa simjui, akasema kama kweli ni mshauri, basi nimwambie kitu kimoja kuhusu yule mrefu wetu ambacho mtazamaji wa kawaida hakijui.

Ningeweza kusema lolote. Ningesema anapenda sukari nyingi. Lakini nilikuwa na kitu kizuri. Jioni moja tukiwa tunakula mlenda wawili tu, Sufiani hajarudi, alipita mzee wa Kimasai nje, na Lenku akaacha tonge akatoka kwenda kuinama. Aliporudi nikamdhihaki. Nikamwuliza, je, mzee kama huyo ukimkuta chini ya kikapu, utafanya nini, utamwomba baraka? Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akafikiri kwa dakika nzima kama nimemwuliza la maana, akasema angempisha. Akaniomba nisimwambie Sufiani, kwa sababu atamwona hafai. Aliniomba mimi.

Nikawapa Handeni hilo. Niliwasimulia kwa madoido, nikainuka nikaigiza anavyoinama. Benchi zima lilicheka isipokuwa Sabiri. Yeye aliacha kucheka mapema, akatazama upande wa mnada. Hapo nilijua nimefanya nini. Usinifanye mjinga, wala usinifanye mtakatifu. Nilijua, na ningeweza kumrudishia Sufiani habari ile ile kesho yake, akajipanga. Lakini walikuwa wamenisogezea nafasi katikati ya benchi na kikombe cha pili kikaja bila kuagiza, na mzee mmoja akaniita mshauri. Nikakaa. Nilikaa vizuri sana.

Basi swali lako nalijibu sasa. Uliuliza kama timu ile ya watoto ingeweza kweli kuingia nane bora. Ndiyo. Wangeingia, na huko ndani wasingefungwa na wa kwanza wala wa pili. Mwanao anajua kazi yake. Nimekaa kwenye ndoo ile msimu mzima nikitafuta kosa lake kubwa na sikuliona, isipokuwa kukaa na mimi. Ukimwambia kwamba nilisema hivi, nitakana, na nitasema mwandiko huu ni wa mtu mwingine.

Sakafuni sasa hakuna mtu. Yordani alikuja jana kuchukua mpira, akasimama, akauacha. Sufiani ameshafunga begi lake, anakuja kwako Ijumaa kama mlivyopatana. Hanung'uniki. Hapa ndipo pabaya: jana jioni alinipashia maji ya kuoga kama kawaida yake, akakaa mlangoni, akasema watu wote wamemwangusha, Lenku kwa ujinga na Awadhi kwa usaliti, na kwamba aliyebaki naye ni mimi. Akaniomba radhi kwa siku ile ya makwapa. Akaahidi atakuwa anakuja kila mwezi kutoka Kang'ata kunitazama. Nikamwambia maji yamezidi moto.

Nisalimie Maryamu, mwambie amwandalie mwanawe chakula cha mtu aliyeshiba, maana hatakula. Nisalimie Shamsia, asimwulize ndugu yake lolote, na kama ataona ni shida, basi mfungieni kwenye ghala la mahindi mpaka Jumapili. Wasalimie majirani wote ambao hawakunisengenya, haitachukua muda.

Na sasa jambo dogo, ambalo siombi, nakudai. Wewe ulisali wafungwe, wamefungwa. Ulimtaka mtoto nyumbani. Anakuja na miguu yake. Nimekufanyia kazi ambayo dua yako peke yake ilikuwa imeshindwa msimu mzima, na sijataka hata jogoo. Benchi zima la kahawa lilinisikia, habari itamfikia tu siku moja. Akiingia hapo Ijumaa, kabla hajavua viatu, mwambie ni wewe uliyenituma Handeni nikamseme Lenku. Mwambie sikutaka, ulinilazimisha. Atakununia, hata mwaka, lakini mwisho atakusemesha, kwa sababu baba wa kumzaa hana wa akiba. Mimi baba mkubwa anaweza kunibadilisha kesho asubuhi, kwa mtu yeyote mwenye kibanda hapa kambini. Sema ni wewe, Mbaruku. Neno moja tu hilo.

Ni mimi kaka yako,
Mwinjuma